Mitazamo ya Wanafunzi wa Vyuo Vikuu kuhusu Uendelevu Miongoni mwa Tamaduni Mbalimbali: Ufafanuzi kutoka Mwananyamala, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mitazamo ya wanafunzi wa vyuo vikuu kuhusu uendelevu, yakiitumia Mwananyamala, katika Manispaa ya Kinondoni, kuwa mahali pa kuitazama mada hiyo kwa karibu. Eneo hili limechaguliwa kwa kuwa lina vyumba vingi vya kupanga, ambamo vijana waliokulia katika tamaduni tofauti huishi pamoja wakati wa masomo yao. Makala yanajenga hoja mbili. Kwanza, tofauti inayodaiwa kuwapo kati ya tamaduni zinazojali mazingira na zile zisizoyajali hutokana kwa kiasi kikubwa na lugha na umbo la swali linaloulizwa. Pili, pengo lililopo kati ya mtazamo na tendo huelezeka vizuri zaidi kwa kuangalia mamlaka aliyonayo mtu juu ya mahali anapoishi kuliko kwa kuangalia kabila, dini au nchi anakotoka. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza namna ya kuuliza maswali hayo kwa Kiswahili na nafasi ya vyuo katika kuwapa wanafunzi uwezo wa kutenda.

Maneno msingi: mtazamo, uendelevu, utamaduni, wanafunzi wa vyuo vikuu, Mwananyamala

1.0 Utangulizi

Kando ya Barabara ya Bagamoyo, mwendo mfupi kutoka Mwananyamala, kipo Kijiji cha Makumbusho kilichoanzishwa katika miaka ya 1960. Ndani yake zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, kila moja kwa vifaa vya mahali ilipotoka: miti, udongo, nyasi au makuti. Mgeni anayezunguka humo huondoka na picha kwamba kila utamaduni una nyumba yake, na kila nyumba ina uhusiano wake na ardhi, maji na misitu. Akivuka na kuingia Mwananyamala, picha hiyo hubadilika. Huko nyumba nyingi ni za matofali ya saruji na mabati, zenye korido katikati, vyumba pande mbili na ua wa pamoja nyuma. Mwanafunzi aliyetoka Bukoba anaweza kupanga chumba kinachotazamana na cha mwenzake wa Chake Chake, na jirani yao wa mlango wa tatu akawa ametoka Shinyanga. Wote hutumia mita moja ya umeme, bomba moja la maji na sehemu moja ya kuwekea taka.

Sababu ya hali hiyo ni ujirani wa vyuo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina makao makuu yake Kinondoni, Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko Kijitonyama, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Chuo Kikuu Ardhi viko upande wa Mlimani. Hali inayofanana na hiyo huonekana Temeke, ambako Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam kiko Chang'ombe. Kwa kuwa mabweni hayatoshi, wanafunzi wengi hupanga uswahilini, katika jiji ambalo Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kuwa na wakazi zaidi ya milioni 5.3.

Swali linalojitokeza ni hili: vijana hao, wenye asili tofauti, wana mtazamo gani kuhusu uendelevu, na asili zao zina nafasi gani katika mtazamo huo? Jibu lake lina athari za moja kwa moja. Wanafunzi wa leo ndio watakaokuwa maofisa mipango, wahandisi, walimu na madiwani wa miaka ijayo. Iwapo vyuo vitaamini kwamba hawajali mazingira, vitawafundisha kana kwamba wamekuja mikono mitupu. Iwapo, kinyume chake, vitaridhika kwamba mitazamo yao ni mizuri, havitajiuliza kwa nini mitaro inaendelea kuziba katika mitaa wanamoishi watu wenye mitazamo mizuri.

Makala haya ni ya kiufafanuzi. Hayawasilishi takwimu mpya za uwandani, bali yanaunganisha nadharia zinazofahamika, kumbukumbu za uhifadhi katika Afrika Mashariki na hali za kawaida za maisha ya upangaji katika jiji la Dar es Salaam.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

2.1 Uendelevu na maneno yaliyoutangulia

Maana ya maendeleo endelevu inayonukuliwa zaidi ilitolewa mwaka 1987 na Tume ya Dunia ya Mazingira na Maendeleo, iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway. Kiini chake ni kwamba kizazi cha sasa kitimize mahitaji yake bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kutimiza ya kwao. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliigawa dhana hiyo katika malengo 17, yanayogusa umaskini, afya, maji, nishati, miji, tabianchi na mengineyo.

Katika Kiswahili, neno uendelevu linatokana na kitenzi endelea. Ni neno la maandiko ya miradi, hotuba na mihadhara, na ni nadra kulisikia sokoni au kibarazani. Hata hivyo, wazo lenyewe si geni kwa wazungumzaji wa Kiswahili. Akiba ni kitu kilichowekwa kwa ajili ya kesho, na methali husema akiba haiozi. Amana ni kitu cha mwingine kilichokabidhiwa mtu akitunze. Israfu ni kutumia kupita kiasi, jambo linalokemewa. Methali ya usitupe mbachao kwa msala upitao hufundisha kutokiacha kilichopo kwa ajili ya kipya kisichodumu. Kwa hiyo, mwanafunzi anayeshindwa kueleza maana ya uendelevu anaweza kuwa na msamiati kamili wa jambo hilo kwa majina mengine.

Neno mazingira nalo linahitaji uangalifu. Asili yake ni kitenzi zingira, yaani kuzunguka pande zote. Katika matumizi ya kila siku, kufanya usafi wa mazingira ni kufagia ua, kufyeka majani na kuzibua mfereji. Mtafiti anayeuliza iwapo mtu anajali mazingira huenda anafikiria misitu, tabaka la hewa na viumbe walio hatarini kutoweka. Anayejibu huenda anafikiria ua wake. Wote wawili wametumia neno moja, lakini hawakuzungumzia kitu kimoja.

2.2 Mtazamo

Mtazamo ni mwelekeo wa mtu kuhusu jambo fulani, na kwa kawaida huchambuliwa katika vipengele vitatu: anachokiamini, anachokihisi na utayari wake wa kutenda. Icek Ajzen, katika nadharia yake ya tendo lililokusudiwa aliyoifafanua mwaka 1991, aliongeza jambo muhimu kwa mjadala huu. Kwa maelezo yake, mtazamo peke yake haumfikishi mtu kwenye tendo. Huambatana na matarajio ya watu wanaomzunguka, na pia na imani yake kwamba tendo hilo liko ndani ya uwezo wake. Kipengele hiki cha uwezo ndicho kitakachorejewa mara kwa mara katika sehemu zinazofuata.

3.0 Mjadala kuhusu Utamaduni, Mali na Mazingira

Kwa muda mrefu, maandiko mengi ya nchi za Magharibi yaliongozwa na dhana kwamba kujali mazingira ni tunda la utajiri. Ronald Inglehart, katika kazi yake ya mwaka 1977, alieleza kwamba kizazi kilichokulia katika usalama wa chakula na kipato huanza kuthamini mambo yasiyo ya mahitaji ya lazima. Wengine walilichukua wazo hilo na kuhitimisha kwamba jamii maskini haziwezi kuweka mazingira mbele.

Hitimisho hilo lilipingwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya takwimu. Mwaka 1992 shirika la Gallup liliendesha uchunguzi katika nchi 24, na matokeo yaliyochambuliwa na Riley Dunlap na wenzake yalionesha kuwa wananchi wa nchi maskini walikuwa na wasiwasi mkubwa kuhusu hali ya mazingira yao, sawa na wa nchi tajiri au kuwazidi. Ni vyema kukumbuka kwamba Afrika iliwakilishwa na Naijeria pekee katika uchunguzi huo. Inglehart mwenyewe, katika maandiko ya mwaka 1995, alikubali kwamba matatizo halisi yanayowakabili watu huchochea uungaji mkono wa uhifadhi, hata pale ambapo hakuna utajiri.

Njia ya pili ni ya historia. Ramachandra Guha na Joan Martínez-Alier, katika kitabu chao cha mwaka 1997, walionesha kwamba watu maskini mara nyingi hupigania misitu, maji na ardhi kwa sababu maisha yao yanategemea vitu hivyo. Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Wangari Maathai, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alianzisha mwaka 1977 vuguvugu la upandaji miti lililowategemea wanawake wa vijijini. Walipanda kwa sababu walihitaji kuni, maji na udongo wenye rutuba. Tuzo ya Nobel ya Amani aliyopewa mwaka 2004 ilithibitisha kwamba hitaji la jikoni na hifadhi ya dunia vinaweza kuwa jambo moja.

4.0 Urithi Wanaotoka Nao Wanafunzi

Mwanafunzi anapofika Mwananyamala na begi lake, anakuja pia na mafunzo ya nyumbani. Miteremko ya Kilimanjaro ina vihamba, ambamo migomba, kahawa na miti ya kivuli hukua pamoja, na mifereji ya maji iliyochimbwa na kutunzwa na koo kwa zamu. Wamatengo wa Mbinga wana ngoro, mashimo ya kilimo yanayozuia udongo kuporomoka milimani. Wafugaji wa Kimaasai hutenga alalili, malisho ya akiba kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu wakati wa kiangazi. Kisiwani Misali, magharibi mwa Pemba, elimu ya hifadhi ya bahari iliunganishwa na mafundisho ya Kiislamu kuhusu amana na katazo la israfu, ili mvuvi aielewe hifadhi kwa lugha ya imani yake.

Mfano wa Wasukuma unastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa kuwa unafundisha zaidi ya kuwapo kwa desturi. Ngitili ni eneo la malisho na miti linalofungwa wakati wa masika na kufunguliwa kiangazi. Desturi hiyo ilidhoofika kutokana na ufyekaji wa misitu uliofanywa ili kuwaangamiza mbung'o, upanuzi wa mashamba ya biashara, na baadaye uhamishaji wa watu wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970, uliowatenganisha wenyeji na maeneo waliyoyatunza. Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulipoanza, kadirio linalonukuliwa mara kwa mara ni kwamba zilikuwa zimebaki takriban hekta 600 tu za ngitili zilizorekodiwa. Mradi huo uliwarudishia wananchi na vijiji vyao haki ya kutenga na kusimamia maeneo hayo kwa sheria zao wenyewe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, eneo lililorejeshwa lilikuwa limezidi hekta 300,000.

Tafsiri ya mfano huu ni muhimu. Iwapo mtafiti angefika Shinyanga mwaka 1985 na kupima matendo, angehitimisha kuwa Wasukuma hawajali uoto. Iwapo angerudi miaka 15 baadaye, angehitimisha kuwa ni watu wa hifadhi. Utamaduni haukuwa umebadilika kiasi hicho katika muda mfupi namna hiyo. Kilichobadilika ni mamlaka ya watu juu ya ardhi yao. Desturi ilikuwepo, ikasubiri nafasi.

5.0 Tatizo la Kipimo na la Lugha

Tafiti nyingi zinazolinganisha mitazamo ya wanafunzi wa nchi mbalimbali hutumia hojaji ya aina moja. Kipimo kinachojulikana zaidi kilitungwa na Riley Dunlap na Kent Van Liere mwaka 1978 na kurekebishwa mwaka 2000. Kina kauli 15 kuhusu uhusiano wa binadamu na maumbile, na mhojiwa huchagua ngazi moja kati ya tano, kuanzia nakubaliana kabisa hadi sikubaliani kabisa. Kipimo hiki kimetumika katika nchi nyingi na kina manufaa, lakini kinapoletwa kwa mwanafunzi wa Kitanzania huibua matatizo yasiyopungua matatu.

Tatizo la kwanza ni la sitiari. Moja ya kauli zake huifananisha dunia na chombo cha anga chenye nafasi na akiba chache. Sitiari hiyo ilizaliwa katika kizazi kilichotazama safari za mwezini. Ikitafsiriwa neno kwa neno, mwanafunzi huishia kutafakari chombo badala ya dunia. Wazo hilo hilo lingeeleweka papo hapo kwa mfano wa jahazi lililo safarini na pipa moja la maji, au wa nyumba yenye wapangaji kumi na tangi moja.

Tatizo la pili ni la imani. Kauli inayohoji iwapo binadamu ameumbwa kuyatawala maumbile humweka muumini wa Kiislamu au wa Kikristo katika njia panda ambayo mtunzi hakuikusudia. Dini zote mbili humpa binadamu cheo juu ya viumbe wengine, lakini humpa cheo hicho kwa masharti ya uwakili, akiwa atatoa hesabu. Waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015 kuhusu utunzaji wa dunia ulisisitiza jambo hilo. Mwanafunzi anayekubali kwamba binadamu ana mamlaka huhesabiwa na kipimo kuwa mtu asiyejali mazingira, hata kama kwake mamlaka hayo ndiyo sababu ya kutunza.

Tatizo la tatu ni la adabu. Katika mazungumzo yetu, kumkubalia mgeni au mkubwa ni heshima, na hojaji inayoletwa na mhadhiri hubeba uzito wa mhadhiri. Kauli nane kati ya zile 15 huegemea upande wa mazingira na saba huegemea upande mwingine, alama za hizo saba zikigeuzwa wakati wa kuhesabu. Mwanafunzi mpole anayeweka alama ya nakubaliana katika kila kauli atapata alama 46 kati ya 75, ambazo ni za katikati. Ripoti itasomeka kwamba vijana wa mahali fulani wana mtazamo vuguvugu, ilhali kilichopimwa ni heshima yao.

Hii haina maana kwamba ulinganishi hauwezekani. Ina maana kwamba, kabla ya kusema utamaduni huu unajali kuliko ule, ni lazima ithibitishwe kuwa pande zote mbili ziliulizwa swali moja kwa maana, wala si kwa maneno tu.

6.0 Uendelevu Unavyoishiwa Uani

Ili kuona jinsi mtazamo unavyokutana na mahali, tuchukue mfano wa nyumba yenye vyumba sita katika mtaa wa Mwananyamala, uliobuniwa kwa ajili ya ufafanuzi tu lakini unaofuata mpangilio unaofahamika na kila aliyewahi kupanga jijini.

Umeme wa nyumba hiyo ni wa luku moja, na wapangaji huchangia kwa kugawana sawa. Anayezima taa na kuchomoa pasi halipi pungufu kuliko anayeacha feni ikizunguka kutwa. Katika mpango huo, mtunzaji hubeba gharama za mwenzake, na ugomvi wa luku ukawa ndio somo la kwanza la uendelevu ambalo mwanafunzi hulipata mjini. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alionesha katika kazi yake ya mwaka 1990 kwamba watu wanaoshiriki rasilimali moja huweza kuitunza vizuri iwapo wao wenyewe wanatunga kanuni na kusimamiana. Nyumba ambayo wapangaji wamekubaliana kuwa mwenye friji achangie zaidi imefanya, kwa kiwango kidogo, kile kilichofanywa na wenye ngitili.

Kwa upande wa nishati ya kupikia, mwanafunzi anafahamu vyema hasara za mkaa. Hata hivyo, mkaa hununuliwa kwa kopo kulingana na fedha ya siku hiyo, wakati mtungi wa gesi hudai fedha nyingi kwa mkupuo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kwa mpangaji wa chumba kimoja, kufikiwa kwa lengo hilo kutategemea zaidi namna ya kulipia kuliko mahubiri kuhusu misitu.

Suala la maji ya mvua na majitaka ni zito zaidi. Majina ya mitaa kama Bwawani na Kisiwani yanakumbusha kuwa eneo hili lina historia ya maji, na sehemu zake zilizo bondeni hujaa wakati wa masika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam, hasa katika maeneo ya mabondeni. Katika makazi ya namna hii, choo cha shimo kikijaa na gari la kunyonya likawa ghali au likashindwa kupita uchochoroni, baadhi ya wenye nyumba husubiri mvua kubwa ili wakitapishe, yaani waachie majitaka yachukuliwe na maji ya mtaroni. Mwanafunzi wa afya ya jamii aliyepanga humo anajua uhusiano wa tendo hilo na kipindupindu. Lakini yeye ni mpangaji, kodi yake inakaribia kwisha, na mwenye nyumba ni mtu mzima anayemwita baba. Mtazamo wake hauna pa kushika.

Wakati huohuo, ua huohuo umejaa matendo ambayo hojaji hazihesabu. Dumu la mafuta ya kula linageuka la maji. Nguo ni za mtumba, na zikichanika hupelekwa kwa fundi cherehani. Simu hufunguliwa na kufungwa tena na fundi mara tatu kabla ya kuachwa. Chupa za plastiki huwekwa kando kwa ajili ya waokotaji wanaoziuza kwa kilo. Katika miji mingi ya Ulaya, mwanafunzi anayefanya hayo huhesabiwa kuwa mwanaharakati. Hapa huhesabiwa kuwa hana fedha.

Ni kweli, hata hivyo, kwamba ubanaji wa matumizi unaolazimishwa na ufukara haupaswi kuitwa mtazamo bila kuhojiwa. Kipimo chake halisi huja baadaye, mhitimu anapopata mshahara wa kwanza. Akiacha dumu, fundi na mtumba kwa sababu sasa anaviona kuwa alama za unyonge, basi alikuwa na mazoea ambayo hakuwahi kufundishwa kuyaheshimu. Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Chuo kinachofundisha uendelevu kama jambo la kigeni, lenye picha za paneli za jua na magari ya umeme pekee, humfundisha mwanafunzi bila kukusudia kwamba aliyoyafanya mama yake hayakuwa na thamani.

7.0 Kutoka Mtazamo hadi Tendo

Matukio mawili ya karibuni yanaonesha kwamba tendo hufuata uwezo. La kwanza ni katazo la mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyojulikana mitaani kama rambo. Rwanda ilianza mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, na Tanzania Bara ikaanza kulitekeleza tarehe 1 Juni 2019, mtu anayekutwa na mfuko huo akikabiliwa na faini isiyopungua shilingi 30,000. Katika muda mfupi, wanunuzi wa makabila na dini zote walihamia vikapu na mifuko mbadala. Hakuna utamaduni uliosubiriwa ubadilike kwanza. Hata hivyo, vifungashio laini vilivyokusudiwa kufungia bidhaa vilianza kutumika kubebea, jambo linaloonesha kuwa sheria isiyoambatana na uelewa hutafutiwa uchochoro.

Tukio la pili linawahusu wanafunzi moja kwa moja. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambao wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wakazi, walipita katika kata zenye hatari ya mafuriko, Tandale ikiwa mojawapo, wakichora ramani za nyumba, vichochoro na mitaro. Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia na Msalaba Mwekundu walikuwa miongoni mwa washirika. Vijana waliotoka mikoa tofauti walifanya kazi moja kwa ari, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kifaa mkononi, mwenyeji wa kumwongoza, na matokeo yaliyoonekana. Mtazamo wao haukuhitaji kuhubiriwa. Ulihitaji kazi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na pia wajibu wa kuyalinda. Mpangaji ni mtu anayeishi Tanzania. Lakini ni wanafunzi wachache wanaojua namna ya kuwasilisha jambo la mtaro kwenye mkutano wa mtaa, au kumwomba mwenye nyumba aandike makubaliano ya taka na maji. Elimu ya namna hiyo ni ya uendelevu sawasawa na somo la tabianchi.

8.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, hojaji za mitazamo zitungwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, zikiuliza kuhusu vitu vinavyoonekana: luku, mkaa, dumu, choo, mtaro na akiba. Kila swali la unajali nini lifuatwe na swali la unaweza kufanya nini, na nani anaweza kukuzuia. Pili, mihadhara ya uendelevu ianze na urithi walio nao wanafunzi. Darasa lenye mtoto wa mwenye ngitili, wa mwenye kihamba na wa mvuvi wa Pemba lina walimu wengi kuliko yule aliyesimama mbele. Tatu, vyuo vishirikiane na serikali za mitaa ya wanamoishi wanafunzi wao, ili mwanafunzi aweze kushiriki usafi na mipango ya mtaa akiwa mkazi na si mpita njia.

Wanafunzi wa tamaduni mbalimbali hawatofautiani sana katika kutaka kesho iliyo njema. Wanatofautiana katika maneno waliyorithi ya kulitajia jambo hilo, na wanafanana katika uchache wa mamlaka waliyo nayo juu ya nyumba wanazolala. Mtafiti anayesahau jambo la kwanza atawahesabu vijana wengi kuwa hawajali. Chuo kinachosahau la pili kitaendelea kutoa wahitimu wenye majibu sahihi kwenye mtihani, huku mvua za masika zikiendelea kurudisha uani kile kilichotupwa mtaroni.